Krediti za chuo ukiwa bado haiskuli: uzoefu wangu na komyuniti koleji, AP na CLEP

Krediti ni vipimo vya masomo ambavyo chuo hukuhesabia kuelekea digrii, na unaweza kuanza kuzikusanya ukiwa bado haiskuli. Nimezitumia njia zote tatu zinazojulikana zaidi Marekani: kusoma kozi za komyuniti koleji (chuo cha umma cha miaka miwili) huku ukiendelea na haiskuli, kufanya mitihani ya AP (mitihani ya kiwango cha chuo inayofanyika haiskuli), na kufanya mitihani ya CLEP (mitihani ya kupata krediti bila kusoma kozi yenyewe). Zote tatu ni za kweli na krediti zake ni halali. Wanafunzi wengi wanazipoteza kwa sababu wanachagua kozi kwanza, halafu chuo baadaye. Anza na chuo.

Ingia kwenye tovuti ya chuo unachokitaka, utafute jedwali la kulinganisha kozi. Upande mmoja kuna kozi au mtihani uliofanya, upande wa pili kuna kozi yao inayolingana nao. Ukikuta namba kamili, mfano ENGL 101 (kozi ya uandishi wa Kiingereza), umeondoa sharti moja la digrii. Ukikuta ENGL 1XX, hizo X zinakwambia umepewa krediti za hiari tu. Zitaingia kwenye jumla ya krediti 120 ambazo digrii nyingi zinadai, lakini kozi ya uandishi bado inakusubiri. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia chuoni na krediti 30 na bado akasoma miaka minne. Uhandisi na uuguzi ndiko hali hii inakouma zaidi, maana kule kozi zinafuatana kama mnyororo na nafasi ya krediti za hiari ni finyu.

Kozi za komyuniti koleji ndizo ninazozipa alama ya juu, nyota nne kwa tano. Ukifaulu kozi, krediti ni yako. Hutegemei mtihani wa asubuhi moja. Majimbo yana mipango yake ya kuwaruhusu wanafunzi wa haiskuli kusoma chuoni: Minnesota wana PSEO tangu 1985, Washington wana Running Start, Ohio wana College Credit Plus. Florida, mwanafunzi wa mpango wa aina hii halipi ada ya masomo katika vyuo vya umma. Washington ada ya masomo inalipwa, lakini vitabu na tozo ndogondogo mara nyingi ni juu ya familia, kwa hiyo uliza bei ya kitabu kabla ya kujisajili, hasa kozi inayodai namba maalumu (code) ya kufungulia mazoezi mtandaoni. Namba hiyo haikopeshwi na mwenzako wala hainunuliwi mitumba.

Kuhusu mzigo wa kazi: kozi ya krediti 3 kwa muhula wa kawaida ni takriban saa 3 za darasa na saa 6 za kusoma mwenyewe kila wiki. Kozi hiyohiyo ikibanwa katika wiki 8 inakuwa saa 18 kwa wiki. Kozi za mtandaoni za wiki 8 zinaonekana rahisi kwenye orodha, na hapo ndipo wengi wanaangukia, kwa sababu ukikosa wiki moja umekosa sehemu ya nane ya kozi nzima. Kwa mara ya kwanza chukua kozi moja, ya muhula mzima, ikiwezekana ya ana kwa ana.

Siku ya kwanza soma silabasi yote, kisha andika tarehe mbili kwenye kalenda. Ya kwanza ni siku ya mwisho ya kuifuta kozi bila kuacha alama yoyote. Kwa kawaida iko mapema mno, wiki ya kwanza au ya pili. Ya pili ni siku ya mwisho ya kujitoa na kupata W, yaani alama ya kuonyesha ulijitoa, badala ya F ya kufeli. Ukizipita zote mbili, utakachopata ndicho kitakachobaki. Alama hizi si za haiskuli peke yake. Ni kumbukumbu ya chuo ya kudumu, na ukija kuomba shule ya udaktari au ya sheria utatakiwa kuzionyesha hata kama ulizipata ukiwa na miaka 16. Zaidi ya hapo, ukiendelea na chuo hichohicho, W na F zinahesabiwa unapoomba msaada wa fedha wa serikali. Vyuo vingi hudai uwe umemaliza angalau asilimia 67 ya krediti ulizozianza.

Wazazi, hili ni lenu. Chini ya FERPA, sheria ya shirikisho ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, haki za kumbukumbu za chuo ni za mwanafunzi, hata kama hajafikisha miaka 18. Mama akipiga simu kuuliza maendeleo ya mtoto, mara nyingi hajibiwi mpaka mtoto asaini fomu ya ruhusa. Isainiwe mapema. Vilevile, mwanafunzi mwenye IEP (mpango maalumu wa masomo kwa mwenye ulemavu) haiskuli asidhani kwamba inamfuata chuoni. Anapaswa kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu na kuomba upya, kabla ya mtihani wa kwanza.

Angalia pia aina ya krediti. Washington na majimbo mengine machache yana vyuo vinavyotumia robo mwaka badala ya muhula. Kozi ya krediti 5 za robo ni sawa na krediti 3.33 za muhula. 15 ni sawa na 10. Ukihamia chuo cha mihula, hesabu inashuka na unaweza kupungukiwa na krediti moja katika sharti ulilodhani limekwisha.

AP naipa nyota tatu na nusu. Mitihani ni mwezi Mei, alama ni 1 hadi 5, matokeo hutoka Julai. Faida yake kubwa ni kwamba ukifanya vibaya hakuna F inayokufuata chuoni. Hasara ni kwamba vyuo vingi vya ushindani havipokei 3. Vinataka 4 au 5. Mtihani mmoja mwaka 2025 ulikuwa dola 99, na kuna punguzo kwa familia za kipato kidogo, lakini lazima umwambie mratibu wa AP shuleni. Usisubiri Mei: mtihani wenyewe unaagizwa Novemba, na ukichelewa unalipa dola 40 zaidi. Kwa somo la hesabu kuna mitihani miwili ya kalkulasi, AB na BC iliyo pana zaidi. Mwenye uwezo afanye Calculus BC kuliko AB, kwa sababu BC inakupa pia alama ya pembeni ya sehemu ya AB. Ila ukipata 3 na chuo kikakuruhusu kuruka kozi ya kwanza ya kalkulasi, tafuta mtihani wao wa mwisho wa kozi hiyo na uujaribu kwanza. Ukikwama, usiruke.

CLEP nyota tatu. Ni mitihani 34, mingi ya dakika 90, alama ni 20 hadi 80, na kiwango kinachopendekezwa kwa mingi ni 50. Mitihani mingi inakuonyesha alama papo hapo. Ukifeli unasubiri miezi mitatu. Modern States, shirika lisilo la faida, wana kozi za bure mtandaoni za kujiandaa, na ukimaliza unaomba vocha ya kulipia mtihani. Tatizo ni kwamba vyuo kadhaa vikubwa havitambui CLEP kabisa.

Anayezungumza Kiswahili nyumbani ajue kwamba AP na CLEP hazina mtihani wa Kiswahili. ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, wanao, wa mazungumzo, na kuna vyuo vinavyoutolea krediti za lugha. Uliza idara ya lugha kabla ya kulipa.

Mwisho wa muhula, subiri alama ziingie kwenye mfumo ndipo uagize transkripti rasmi (rekodi ya kozi na alama zako) kutoka komyuniti koleji yenyewe. Transkripti ya haiskuli haitoshi, hata kama kozi imeandikwa humo. Alama za AP zinatoka College Board, shirika linaloendesha mitihani hiyo, si shuleni, na kila mwaka unapata nafasi moja ya kuzituma bure hadi Juni 20. Fanya haya kabla ya siku ya kujisajili kozi za mwaka wa kwanza, la sivyo mshauri atakupanga upya kwenye kozi uliyokwisha kuifaulu.