Uanachama wa klabu ya mbali: kipi kinafaa kulipiwa, kipi hakifai

Klabu kubwa za michezo zina wateja wa aina mbili. Kuna anayekaa mtaa wa pili kutoka uwanjani, ambaye shida yake ni kupata kiti tu. Halafu kuna yule aliye maelfu ya kilomita, asiye na ndugu wala jamaa katika mji huo, na bado timu ikifungwa usingizi haumjii. Huyu wa pili ndiye anayeuziwa vitu vingi zaidi: uanachama wa kimataifa, televisheni ya klabu, jezi, tokeni (sarafu za kidijitali zenye jina la klabu), mahali pengine hata hisa. Vingi havina ubaya ukijua unanunua nini. Tabu inaanza pale matangazo yanapoahidi kwamba kila kimoja kitakusogeza karibu na timu, kwa sababu vingine havikusogezi hata hatua moja.

Ili kuvipima, tujue kwanza mtu huyu alinaswa na nini. Mara nyingi ni televisheni, na mara nyingi ni utotoni. Mfano mzuri ni Norway na Sweden. Tarehe 29 Novemba 1969 televisheni za huko zilirusha moja kwa moja mechi ya Wolverhampton Wanderers na Sunderland, na tangu hapo soka la Uingereza likawa kipindi cha kila Jumamosi wakati wa baridi. Ligi zao wenyewe zilikuwa zimesimama kwa theluji, na mikeka ya kubashiri ilikuwa imejaa mechi za Uingereza. Mtu aliyeweka pesa yake kwenye matokeo hayo alikuwa na sababu ya kutazama, na mtoto aliyekaa pembeni ya baba yake akachagua timu. Watoto hao leo ni wazee na timu hawajabadilisha. Marekani nako, kituo cha televisheni cha Ted Turner kilipoanza kurushwa kwa setilaiti nchi nzima mwishoni mwa 1976, Atlanta Braves, ambao mechi zao kilizionyesha, walipata mashabiki katika majimbo ambayo hayakuwa na timu hata moja ya ligi kuu ya besiboli.

Umri nao una nguvu zake. Mwaka 2014 mtafiti Seth Stephens-Davidowitz alichambua takwimu za Facebook za mashabiki wa besiboli, akaona kuwa timu inayotwaa ubingwa mvulana akiwa na miaka minane hivi ina nafasi kubwa kuliko zote ya kubaki naye ukubwani. Halafu kuna nyota. Yao Ming alipochukuliwa na Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 2002, mamilioni ya Wachina walianza kuifuatilia Houston. Messi alipotua Inter Miami mwaka 2023, jezi ya waridi ikaonekana kila pembe ya dunia. Shabiki wa nyota ana tabia yake: wengi wao huhama na nyota. Hili litatuhusu tukifika kwenye jezi.

Lakini kunaswa ni mwanzo tu. Kinachomfanya mtu abaki ni watu. Robert Cialdini na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba wanafunzi wa vyuo vya Marekani walivaa zaidi nguo za chuo chao Jumatatu baada ya timu kushinda, na walitumia zaidi neno “sisi” kuieleza timu iliposhinda kuliko ilipofungwa. Daniel Wann, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Murray State, amechunguza kwa miaka mingi uhusiano wa ushabiki na upweke. Katika tafiti zake, kuipenda timu ya nyumbani kunaendana na upweke mdogo kwa sababu kila unapogeuka kuna mwenzako. Shabiki wa timu ya mbali hapati faida hiyo bure. Anaipata pale anapokuwa pamoja na mashabiki wenzake. Hicho ndicho kipimo chetu: huduma hii inakupa watu, au inakupa kifurushi tu?

Tuanze na uanachama wa kimataifa wa klabu za Ligi Kuu ya Uingereza, maana ndio unaouzwa zaidi na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Wengi huamini kwamba mwanachama ana tiketi. Hana. Ana ruhusa ya kuomba tiketi. Viti vingi vya Anfield, Emirates au Old Trafford vinashikiliwa na wenye tiketi za msimu, na vinavyobaki hugombewa na wanachama wengine wote. Arsenal wana uwanja wa watu 60,704, na tangu msimu wa 2023/24 wanachama wao wa kawaida hupata tiketi kwa droo. Liverpool nao hutaka mwanachama ajisajili mapema kabla ya mauzo, na wapo wanaotangulizwa kwa sababu walihudhuria mechi nyingi msimu uliopita. Anayekuja mara moja katika miaka mitano yuko nyuma ya foleni, na hakuna kiwango cha uanachama wa kawaida kinachomtoa hapo.

Kama nia yako ni kusafiri uone mechi, uanachama bado unafaa, ila mambo yafanywe kwa mpangilio. Nunua kabla ya msimu kuanza, si mwezi Januari. Uanachama wa klabu nyingi huisha msimu unapoisha, kwa hiyo anayejiunga katikati ya mwaka hulipia msimu mzima na kutumia nusu yake, tena usajili wa baadhi ya mechi umeshafungwa. Kila msafiri awe na namba yake ya uanachama, hata mtoto. Kisha unganisha akaunti zenu katika orodha ya marafiki na familia kabla droo haijafunguliwa. Msipofanya hivyo mtaingia kila mtu peke yake, mmoja apate na mwingine akose. Hakikisha kadi ya benki ina salio na haikaribii kuisha muda, kwa sababu zipo klabu zinazokata pesa papo hapo jina lako likitoka, na kadi ikigoma nafasi inapotea. Ukikosa kwenye droo usikate tamaa: soko rasmi la klabu la kubadilishana tiketi, ambapo wenye viti vya msimu hurudisha mechi wasizokwenda, hufufuka sana siku chache kabla ya mechi, na kiti kimoja hupatikana kwa urahisi kuliko viwili vya pamoja. Mwenye subira ya kuufungua upya ukurasa huo asubuhi na usiku hupata.

Tiketi yenyewe siku hizi ni ya simu. Inapakiwa kwenye pochi ya kidijitali ya simu (programu ya kuhifadhi kadi na tiketi) na kusomwa mlangoni, kwa hiyo simu ya zamani isiyo na NFC, yaani uwezo wa kusomwa kwa kusogezwa karibu na mashine, ni tatizo ambalo lazima ulizungumze na ofisi ya tiketi mapema. Usifunge safari kwa tarehe iliyo kwenye ratiba ya mwanzo. Televisheni huchagua mechi zake wiki kadhaa kabla, na mechi ya Jumamosi ikahamia Jumapili jioni au Jumatatu usiku. Anayerudi Jumapili asubuhi atakuwa angani wakati timu inaingia uwanjani. Na usinunue kwa mlanguzi wa mtandaoni: Uingereza, kuuza tiketi za soka bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1994, na klabu ikigundua hufuta tiketi hiyo bila kukurudishia chochote. Wewe uliyesafiri ndiye utakayebaki nje ya geti.

Kama huna mpango wa kusafiri msimu huu, basi kinachobaki ni kifurushi: kadi, skafu au kofia, kijitabu, beji. Zawadi hizo ni za kupendeza na kwa mtoto zina thamani kubwa, lakini hupita posta, hukaa forodha, na pengine hudaiwa ushuru unaozidi thamani ya vilivyomo. Klabu kadhaa zina uanachama mwepesi usio na kifurushi, wenye haki zilezile za tiketi. Kwa mtu mzima huo ndio wa kuchukua.

Televisheni ya klabu ndiyo inayoleta manung’uniko mengi, na chanzo chake ni kimoja: mnunuzi alidhani ataona ligi mubashara. Haki za kurusha ligi huuzwa kwa pamoja na ligi yenyewe, si na klabu. MUTV ya Manchester United, iliyoanza 1998, na wenzake wote huonyesha mechi za kirafiki za kabla ya msimu, timu za vijana, baadhi ya mechi za wanawake, mahojiano, na mechi nzima ya ligi ikirudiwa saa kadhaa baada ya filimbi ya mwisho. Mechi ikiendelea unapata sauti ya mtangazaji tu. Kwa anayependa kumjua kijana wa miaka 17 kabla dunia haijamjua, huduma hii ni tamu kweli, na mwezi wa Julai inajilipa yenyewe. Kwa anayetaka Jumamosi yake tu, ni pesa iliyopotea. Hapo shabiki wa mbali aelewe bahati aliyonayo: nje ya Uingereza mechi zote 380 za ligi huweza kurushwa moja kwa moja, wakati Uingereza kwenyewe mechi za saa tisa alasiri ya Jumamosi hazionyeshwi mubashara, ili watu waende viwanjani. Kwa macho tu, aliye mbali anaona ligi zaidi kuliko jirani wa uwanja.

Kuhusu jezi, chaguo ni kati ya ya mchezaji na ya shabiki. Ya mchezaji ni nyepesi, inabana mwili, na nembo yake hubandikwa kwa joto. Ya shabiki ina mkato mpana na kwa kawaida nembo yake imeshonwa. Kwa kuvaa kila wiki chukua ya shabiki, kwa sababu nembo ya kubandika huanza kuinuka pembeni kwa kufuliwa. Kinachoua jezi zote ni joto: gundi ya jina na namba hulegea kwa maji ya moto, mashine ya kukaushia na pasi. Igeuze ndani nje, fua kwa nyuzi 30, anika kivulini. Kabla ya kununua mkononi, tafuta kilebo kidogo cha ndani chenye namba ya bidhaa na uiandike mtandaoni. Jezi bandia nyingi hubeba namba ya nguo nyingine kabisa, au namba moja kwa rangi zote. Na kama umeifuata timu kwa ajili ya nyota, fikiri mara mbili kuhusu jina mgongoni. Mkataba wake unaweza kuisha kabla ya kitambaa.

Wanaotaka sauti katika uendeshaji wa klabu wana njia tatu. Barcelona na Bayern München ni za wanachama, na mwanachama ana kura. Bayern wana wanachama zaidi ya 400,000, wengi wao nje ya jiji la München. Kura hiyo ni ya kweli, inachagua rais, lakini hupigwa kwa kuhudhuria mkutano au kituo cha kura, kwa hiyo aliye bara jingine ana haki asiyoweza kuitumia kirahisi. Hisa za Green Bay Packers, timu ya mpira wa Kimarekani, ziliuzwa kwa mara ya sita kuanzia Novemba 2021: hazina gawio, haziuziki sokoni, na hazipandi thamani. Klabu yenyewe ilisema hivyo waziwazi, na kwa uwazi huo inastahili sifa. Zilifunguliwa kwa wakazi wa Marekani na Kanada pekee. Tokeni za mashabiki, kama zile za Socios, jukwaa la mtandaoni linaloziuza, zilizokumbatiwa na PSG, Juventus na nyingine nyingi, ndizo hafifu kuliko zote. Unapigia kura maneno ya kitambaa cha nahodha au picha ya ukutani, si kocha wala bei ya tiketi, na thamani yake hupanda na kushuka kama sarafu yoyote ya kidijitali. Hizo tunashauri kuziacha.

Kilichotushinda kukikosoa ni tawi rasmi la mashabiki. Bayern wana matawi zaidi ya 4,000. Tawi la Liverpool la Norway lipo tangu 1980. Tawi hutazama mechi pamoja, hupanga safari, na katika klabu nyingi huomba tiketi kwa mgawo wake, nje ya droo ya wote. Kabla ya kujiunga, angalia jina lake kwenye orodha ya tovuti ya klabu, maana kuna vikundi vinavyokusanya ada kwa jina la klabu bila kutambuliwa. Uliza kama usajili wa mwaka huu umeshafanyika, nani anashika pesa, na tiketi zinagawanywaje: kwa zamu, kwa kura, au kwa kujuana. Tawi lisilo na jibu la swali la tatu litakukosanisha na watu. Kama hakuna tawi karibu nawe, uliza klabu masharti ya kuanzisha: kwa kawaida hutaka idadi fulani ya wanachama waliolipa, mwenyekiti na katibu, na taarifa ya kila mwaka. Idadi hiyo hutofautiana, na mara nyingi ni ndogo kuliko kundi ambalo tayari mnakusanyika nalo kila mechi. Peleka maombi mapema katika mapumziko ya kiangazi cha Ulaya, kwa sababu msimu ukishaanza ofisi hizo huzama kwenye tiketi na barua yako itasubiri hadi mwaka mwingine.