Maziwa chini ya mfuniko wa oili: Vitz yangu na gereji ya Unga Limited

Nianze na pesa, maana ndiyo mtu huuliza kwanza. Gereji ya kwanza ilitaka laki sita na nusu, oili na kulanti (maji maalumu ya rejeta) juu yangu. Ya pili ilichukua elfu arobaini ya kupima, na spea elfu hamsini na tano. Gari ni lilelile, Vitz ya 2006 yenye injini ya lita 1.3, na ugonjwa ni uleule.

Ilikuwa Julai, ile Julai ya Arusha ambayo mlima Meru unajificha wiki nzima na watoto wanaenda shule na majaketi mawili. Mimi nakaa Sakina, na shule ninayofundisha haifiki kilomita tatu. Asubuhi naenda, jioni narudi, Jumamosi nafika Kilombero sokoni, basi. Siku hiyo nilifungua mfuniko wa kuwekea oili niongeze kidogo, nikakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, mzito kama uji wa mtoto. Nikapiga picha nikamtumia shemeji. Akajibu: "Hiyo imeunguza gasketi. Usiwashe tena." Gasketi ni ile pedi kati ya injini na kichwa chake (hedi), inayotenganisha njia za maji na za oili.

Fundi wa gereji ya kwanza aliutazama mfuniko kwa dakika mbili, kijiti cha oili hakukigusa. "Madam, maji yameingia kwenye oili. Hedi inashuka, inaenda kuchongwa, tunaweka gasketi mpya." Nikamuuliza amejuaje kama ni gasketi. Akasema, "Si unaona mwenyewe?" Kweli nilikuwa naona, ndiyo maana nilikuwa na hofu. Oili iliyochanganyika na maji haishiki tena kwenye vyuma, beringi za krenki zinalika, na injini inanoki bila kukuaga. Nikamwambia nakwenda kutafuta hela, nikaondoka.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza mtaa wa Unga Limited, hapahapa Arusha, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye kabla ya kushika spana anakuhoji kama daktari. Gari limewahi kuchemsha? Hapana. Maji ya rejeta yanapungua? Hapana. Moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto? Hapana. Kwa siku unatembea kilomita ngapi? Nilipomwambia, akaguna. "Lete kesho, mwanangu. Liache lilale hapa, tulitazame asubuhi likiwa la baridi."

Kulilaza kulikuwa na maana yake. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo gari likitulia usiku kucha yanashuka chini kabisa ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Asubuhi alilegeza nati ya chini kidogo tu, na kikombe cha plastiki mkononi. Kama maji yapo ya kutosha, ndiyo yanayotangulia kutoka. Kwangu ilitoka oili moja kwa moja, nyeusi, ya kawaida. Kijiti nacho kilikuwa kisafi, bila povu wala ukungu. Maziwa yalikuwa juu tu, kwenye mfuniko na shingo yake.

Kipimo kilichofuata sitakisahau. Aliweka kikaango cha zamani juu ya jiko la gesi, kikapata moto, akadondosha tone la oili ya kwenye kijiti. Ikatanuka, ikatoa moshi kidogo, kimya. Halafu akachukua chupa ya oili ya Noah moja iliyokuwa imeunguza gasketi kwelikweli, akadondosha tone. Ikalia pwata-pwata kama unapotumbukiza kitunguu chenye maji kwenye mafuta. Akakwangua ule uji wa kwenye mfuniko wangu: nao ukalia. Kwa hiyo maji yalikuwepo, ila yalikuwa yamekaa darini, hayajashuka chumbani. Hayo ni maneno yake, na ndipo nilipoelewa.

Mengine aliyafanya harakaharaka. Alifunga pampu yenye geji kwenye shingo ya rejeta, akajaza upepo hadi presha ya 1.1 iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, akaacha dakika ishirini. Mshale haukusogea. Akawasha injini akavuta hewa ya rejeta kupitia dawa ya bluu, ambayo ingegeuka njano kama moshi wa silinda ungekuwa unapenya kwenye maji. Ikabaki bluu. Hapo naye alikuwa mkweli: dawa hiyo inakamata njia ya moshi kuingia kwenye maji tu, na gasketi inaweza kutoboka kati ya tundu la maji na la oili, dawa isione kitu. Ndiyo sababu alitanguliza pampu. Alisema pia Land Cruiser za dizeli za watalii zina kipoza oili kinachopitiwa na maji, na mara nyingine ndicho kinachovuja wakati watu wameshateremsha hedi. Yangu haina. Akakagua na oili ya gia, kwa kuwa inapozwa ndani ya rejeta. Ikiingia maji inakuwa kama maziwa ya stroberi. Ilikuwa salama.

Maji yalitoka wapi basi? Nilidhani ni ukungu wa Julai, kumbe ukungu ni mchangiaji mdogo. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Mwingi unatoka kwenye egzosi, kiasi kinapenya kwenye ringi za pistoni kuingia upande wa oili. Injini ikipata moto vizuri na kwa muda, mvuke huo unavutwa kupitia vali ndogo ya kupumulia na kuunguzwa tena. Isipopata moto, unaganda kwenye sehemu ya baridi kuliko zote, yaani mfuniko.

Akaniuliza kuhusu taa ya bluu ya dashibodi, ile inayowaka injini ikiwa bado ya baridi. Nikamwambia asubuhi inazimika nikiwa karibu kufika shuleni, siku nyingine haizimiki kabisa. Nilidhani gari linapenda baridi! Akashika mpira wa juu wa rejeta na wa chini mara baada ya kuwasha: yote miwili ilianza kupata vuguvugu pamoja. Akafungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Tupu. Kuna fundi aliwahi kuitoa, ile dawa ya mitaani ya "gari lisichemshe", na maji yakawa yanazunguka rejeta nzima tangu sekunde ya kwanza. Vali ya kupumulia nayo, ukiitikisa haikulia kama inavyotakiwa, imeganda kwa uchafu.

Akaweka themostati ya nyuzi 82, vali mpya, tukamwaga oili. Akaniagiza nitembee safari ndefu. Jumapili nikaenda Moshi kumsalimia mama, kilomita themanini kwenda na themanini kurudi. Taa ya bluu ilizimika kabla sijafika Mianzini.

Lawama zangu sasa. Hakuna risiti, mpaka uombe mara tatu, na unapewa karatasi ya daftari. Alisema siku moja zikawa mbili bila simu. Themostati nilikuja kuiulizia dukani nikaikuta chini kwa elfu nane. Na alitaka kujaza maji ya bomba kwenye rejeta. Kulanti niliinunua mwenyewe nikasimama pale hadi akaimimina. Benchi la wateja lina msumari, kaa upande wa kushoto.

Wiki ya tano sasa. Mfuniko naufungua kila Jumamosi kabla ya kwenda sokoni. Juzi, baada ya siku nne za manyunyu na safari fupi, nilikuta alama ya maziwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Nikavuta kijiti, kisafi. Nikaifuta kwa kitambaa, nikapitia njia ya Ngaramtoni kwenda na kurudi ili injini ipate moto, kabla ya kuelekea Kilombero.