Scarpetta au Brennan: uanze na nani?

Kay Scarpetta, mhusika wa riwaya za uhalifu za Patricia Cornwell, ni daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti jimboni Virginia, Marekani. Katika Postmortem (1990) anachunguza miili ya wanawake walionyongwa, na mwanga wa leza unafichua chembechembe zinazometameta.

Temperance Brennan, mtaalamu wa mifupa katika riwaya za Kathy Reichs, aliyeanza na Déjà Dead (1997) mjini Montreal, Kanada, kwa kawaida huletewa mifupa. Hapo ndipo naponogewa: mikwaruzo ya meno ya msumeno kwenye mfupa humwonyesha aina ya msumeno uliotumika. Reichs mwenyewe ni mtaalamu wa mifupa, na kila ukurasa unalithibitisha hilo.

Kwa hofu ya muuaji anayenyemelea usiku, Scarpetta hana mpinzani. Ila ukipenda ushahidi, anza na Brennan.