Fizio wa kuja nyumbani baada ya kubadilishiwa goti, uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya yeyote anayesubiri kubadilishiwa goti na anajiuliza alipie fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa kumfuata nyumbani au achukue tu ile karatasi ya mazoezi wanayokupa unapotoka hospitali. Mimi nililipia, na hata leo nikiambiwa nichague upya nachagua hivyohivyo.

Opereshen yenyewe sina mengi ya kusema, nililala nikaamka goti lipo, chuma juu na chini na plastiki ngumu katikati, basi. Kazi iko nyumbani jamani. Goti limevimba mpaka ngozi inang'aa, unaogopa hata kuligusa, na kila anayekupenda anakuletea mto wa kuweka chini ya goti upumzike. Dada wa fizio alivyoingia mara ya kwanza, salamu tu, akautoa ule mto. Akasema goti likizoea kukaa limepinda, nyama za nyuma zinakakamaa hivyohivyo na baadaye utachechemea, kwa hiyo mto ukiutaka weka chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe kwa uzito wake. Yani kabla ya hapo kila mtu alikuwa ananiambia kunja, kunja, jitahidi kukunja, hakuna hata mmoja aliyenitajia kunyoosha!

Halafu akapitisha kiganja kati ya godoro na goti langu, akasema mama hebu nibane mkono. Unakaza paja, unasukuma goti chini, unahesabu hadi tano, unaachia. Mwanzoni mkono wake ulikuwa unapita huku na huku hata siugusi. Kila akija anaanza na huo mkono kabla hajafungua begi, na katikati mimi naendelea peke yangu asubuhi mchana jioni, mpaka ikafika siku nikambana akavuta mkono ukagoma kutoka, akacheka, mimi nikalia kwa furaha.

Kukunja nako anakupima na kile kipimo cha plastiki kama rula mbili zimeunganishwa, anaandika namba kwenye daftari unaiona mwenyewe. Digrii 90 unakaa vizuri kwenye kiti cha kawaida, ila kuinuka kwenye kiti kifupi bila kujivuta kwa mikono unahitaji kupita 100. Dawa ya maumivu alinifundisha nimeze kama nusu saa kabla ya zoezi, sio nisubiri mpaka nimeshaumia, na barafu baadaye, ikiwa imefungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20. Fimbo inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima (wengi wanashika upande wa mguu mbovu), na kwenye ngazi ukipanda unatanguliza mguu mzima, ukishuka unatanguliza ule uliofanyiwa.

Kitu ambacho karatasi haiwezi kukufanyia ni kukuangalia. Huyu dada kila akija alikuwa anakagua kidonda, anaminya shavu la mguu, anauliza kama napumua vizuri, manake baada ya opereshen hii damu inaweza kuganda mguuni halafu bonge likapanda mapafuni. Kuna siku alikuta shavu la mguu lina joto na limevimba kuliko alivyoliacha, akasema leo hakuna zoezi, nendeni hospitali sasa hivi. Wakapima kwa ultrasaundi, damu haikuwa imeganda, namshukuru Mungu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa naona ni uvimbe uleule wa kila siku.

Sasa malalamiko. Ofisi inayowatuma haijali muda kabisa. Wanakwambia saa nne, unameza dawa saa tatu na nusu, anafika saa nane dawa imeshaisha nguvu na hakuna aliyepiga simu, hapo unafanya mazoezi kwa machozi. Nimelalamika zaidi ya mara moja, wanaitikia tu.

Hali yangu kwa sasa, natembea bila fimbo ndani, nje naichukua. Jioni goti bado linakuwa na joto, ngozi ya upande wa nje ina ganzi, na nikigeuka linagonga kidogo, nikaambiwa hayo ni ya kawaida kwa goti bandia na uvimbe unaweza kuchukua miezi kuisha.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeinyima kwa sababu ya muda. Ukipiga simu kuulizia usiishie kwenye bei, uliza kama atakayekuja ni mtu yuleyule kila mara, na kama anapima kunyoosha pia na sio kukunja tu. Mara moja waliniletea mwingine, akaanza kulikunja goti kabla hata hajasoma daftari, nikamwomba aache, nikapiga simu ofisini nirudishiwe dada yangu.