Duka la santuri lililonipeleka kwenye reggae hata salamu sijatoa

Jamani naandika hii hasira bado haijashuka, mnivumilie. Kuna duka la santuri za mitumba hapa Birmingham, jina silitaji, wenyewe wanajijua. Nimeingia Jumamosi moja, mwezi na kitu hivi umepita, hata mdomo sijafungua jamaa wa kaunta ananiambia "reggae iko kule nyuma". Kule nyuma! Nani kakuuliza?

Mi nilifuata Close to the Edge, albamu ya bendi ya roki ya Kiingereza inaitwa Yes, ya 1972. Hii miziki ya Waingereza nimekua nayo Tanga, mjomba alikuwa baharia na kila akirudi safari anashuka na santuri, Genesis, Jethro Tull, makelele ya ajabu ajabu tu. Hii ya Yes inaanza na ndege wanalia na maji yanatiririka, bibi akawa anapiga kelele toka jikoni nani kaacha bomba wazi. Halafu wimbo mmoja unakula upande mzima, dakika 18 na ushee, watoto tunauliza mjomba huu unaisha lini, yeye kafumba macho tu. Miaka mingi nilikuwa nimeisahau kabisa, mpaka juzi juzi nikaisikia kwa jirani nikasimama kwenye ngazi kama mjinga na mifuko ya sokoni mkononi.

Basi nikalipa pauni 18. Jalada la kijani alilochora Roger Dean liko safi, hapo sina neno. Nikafika nyumbani, nikafunga mlango, ndege, maji, gitaa zinagombana, besi inanguruma, halafu kunatulia, wanaimba taratibuuu, na wewe unasubiri kile kinanda cha kanisa cha mabomba. Walienda kukirekodi kanisani kweli, St Giles Cripplegate pale London, kikiingia nywele zinasimama. Na hapo hapo, pap! Sindano ikaruka. Kinanda chote kimepita sijasikia. Nikarudisha, pap. Nikarudisha tena, pap. Ingeruka popote pengine ningemeza, lakini hapo??

Nikairudisha dukani. Yule yule. Ananiuliza nimeipiga kwenye mashine gani, nikamtajia, akacheka puani. Akaiweka kwenye mashine yake kubwa mbele ya wateja, tukasimama pale dakika 12 nzima hatusemezani, na kinanda kikaingia safi bila hata kukwaruza. Kusema kweli kilikuwa kitamu, na hiyo ndo iliniuma zaidi maana nilitaka kununa nikashindwa. Akasema santuri haina kosa, hela hairudi, tatizo mkono wa mashine yako mwepesi, na usije ukaweka sarafu juu yake utaiharibu.

Sarafu! Asingesema wala nisingekumbuka. Mjomba alikuwa akibandika sumuni juu ya kichwa cha sindano siku zote. Nikafika nyumbani nikachukua peni moja, nikaibandika na selotepu. Ikapita. Kinanda kikaingia, nikaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta, yule yule jirani wa kwenye ngazi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipanga moja. Santuri ni nzima kweli, bei ni ya haki, na jamaa anaijua kazi yake kuliko mimi, tuseme tatu. Hapana, mbili, ule mcheko wa puani siusahau. Hao Yes wenyewe wanaimba vitu hata havieleweki, ye anajiona mlinzi wa mlango, hajui hata kwamba Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja. Ila kule nyuma nilichungulia wakati natoka na kweli wana reggae nzuri sana, bei chee, Jumamosi narudi. Simsalimii.