TAHADHARI: Msitume kianzio kwa muuzaji wa "baiskeli za saiklokrosi kutoka Ubelgiji" hapa Tanga

Wana Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani mnaofuatilia mbio za baiskeli, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna bwana anazungusha tangazo Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp. Anauza baiskeli za saiklokrosi, zile za mbio za kwenye tope na nyasi, "mtumba wa Ubelgiji, hali safi kabisa", shilingi 750,000. Kianzio nusu, nyingine ukishapokea, na unaletewa mpaka mlangoni. Anasema stoo yake iko Chuda. Chuda tumezunguka, tumeuliza mafundi, tumeuliza wenye maduka, stoo hiyo hakuna anayeijua. Watu waliompa hela nawafahamu kwa sura. Wengi wao hawajaona hata spoku. Mmoja kaletewa chombo, na hicho nitakieleza kwa kirefu maana ndicho kilichonifanya nikae niandike.

Simtaji jina kwa sababu jina analotumia si lake. Kwenye tangazo ni la kiume, kwenye simu linatokea la mama mmoja, na hela zinapokelewa kwa jina la tatu kabisa.

Wengine watasema vijana wamejitakia, nani anunue baiskeli asiyoiona. Taratibu. Tangazo limepangwa na mtu anayejua anachokifanya, na bei yake haijakaa kijinga. Saiklokrosi mpya huko Ulaya, hata ile ya kuanzia, kwa hela yetu inapita milioni mbili bila shida. Lakini za zamani zenye breki za kubana rimu zimeshuka sana thamani. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliruhusu breki za diski kwenye mchezo huu mwaka 2010, na tangu hapo wakimbiaji wakahamia huko, zile za breki za rimu zikabaki kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kijana aliyesomasoma kidogo akiona 750,000 anajiambia, mbona inawezekana? Tapeli mwenye akili hauzi kwa elfu hamsini. Anauza kwa bei unayoweza kuiamini.

Halafu mchezo wenyewe umewaingia vijana kweli. Wanawaangalia wakimbiaji maarufu akina Mathieu van der Poel na Wout van Aert kwenye simu wakibeba baiskeli mabegani na tope mpaka masikioni. Kwa asiyeujua: ni mzunguko mfupi, kama kilomita tatu hivi, unaurudia kwa dakika 40 mpaka saa moja. Unapita nyasi, mchanga, tope, unafika kwenye mbao zilizosimamishwa, unaruka chini, unanyanyua baiskeli, unakimbia, unapanda tena bila kusimama. Ukitazama njia za mashamba ya mkonge upande wa Pongwe wakati wa masika unaona kabisa kwamba ardhi ya mchezo tunayo. Tatizo ni baiskeli, na hapo ndipo huyu bwana anapoingilia.

Sasa anavyofanya. Ukimwandikia anajibu haraka, tena kwa adabu, "karibu sana kaka", "shikamoo dada yangu". Anatuma picha nzuri. Ziangalieni vizuri hizo picha. Baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa matofali mekundu, chini kuna zulia la majani makavu ya rangi ya machungwa, na kwa nyuma mti umebaki matawi matupu. Eti hapo ni Chuda. Miembe ya Tanga imeanza lini kupukutika namna hiyo? Tulipozitafuta picha zilezile kwa Google Lens zikatokea kwenye matangazo ya watu wengine kabisa, huko Ulaya.

Mwambie apige picha nyingine baiskeli ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Atakwambia simu yake kamera imeharibika. Mwombe video, atakwambia yuko bandarini. Sisitiza uende mwenyewe, ataanza kukuharakisha: kuna mteja wa Arusha ameshatuma, nakushikia mpaka saa kumi.

Ukishatuma kianzio, inaanza safari. Bwana mdogo mmoja wa Makorora aliambiwa mzigo umepakiwa Dar usiku. Asubuhi, lori limefika Segera. Mchana akaambiwa lori limezuiwa Korogwe, inatakiwa 80,000 ya kulitoa. Jamani, gari la kutoka Dar kuja Tanga likifika Segera linakata kulia kwenda Muheza. Korogwe linakwenda kutafuta nini? Alipomuuliza hivyo hivyo, jamaa akamblock. Yule kijana ni fundi nguo, hiyo laki tatu na sabini na tano ni hela ya kushona sare za shule.

Sasa yule aliyeletewa.

Huyu alikuwa mkali, akasema hatumi senti mpaka aone. Wakamwambia sawa, wakamkutanisha na kijana jioni, giza linaingia, nje kidogo ya stendi ya Kange. Baiskeli ikashushwa kwenye bajaji, imeoshwa, inang'aa, imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa ile inayopendwa sasa. Akaambiwa fremu ni kaboni, ile nyepesi ya bei kali. Akazunguka nayo mara mbili kwenye lami, akalipa yote. Kesho yake akaileta tuitazame pamoja na fundi mmoja mzee wa Ngamiani ambaye kazi hii ameifanya tangu enzi za baiskeli za Swala.

Mzee hakusema neno. Alitoa sumaku ya spika mbovu akaiweka kwenye fremu, ikanata. Kaboni haishiki sumaku, wala alumini haishiki. Ile ilikuwa chuma. Chuma si kosa, fremu nzuri za chuma zipo tele na zinadumu, ila mtu amelipia kaboni.

Akageuza magurudumu. Tairi la nyuma likawa linakwaruza fremu. Hapa ndipo wengi mtakapodanganywa, kwa hiyo nisikilizeni. Ile ilikuwa baiskeli ya mbio za lami, ya kawaida kabisa, iliyovalishwa matairi ya meno. Usukani uliokunjika kama pembe za kondoo ni uleule kwenye aina zote mbili, ndiyo maana kwa picha huwezi kuzitenganisha haraka. Tofauti iko kwenye nafasi. Saiklokrosi inatumia tairi la upana wa hadi milimita 33 kwa mbio zinazofuata kanuni za UCI, na fremu pamoja na foko vinaachwa wazi kuzunguka tairi ili tope lipite. Baiskeli ya lami ya zamani inabeba tairi la 23 au 25, basi. Ukilazimisha la 32 linaingia kwa shida, na ukikanyaga tope la kwanza gurudumu linagoma. Kipimo cha haraka: ingiza kidole kati ya tairi na fremu, juu na pembeni, nyuma na mbele. Kisipokaribia hata kupita, tilia shaka kama hiyo ni ya tope.

Tena walikuwa wamepiga tupa upande wa ndani wa foko ili tairi lipite. Foko! Sehemu inayobeba uzito wako wote ukishuka kilima. Wamelikata nyama kisha wakapaka rangi juu. Mtu angeweza kung'oka meno, na hapo nasema la heri.

Breki nazo. Saiklokrosi za zamani zina breki zinazoshikwa na vishikizo viwili vilivyounganishwa kwenye foko lenyewe, kimoja kila upande wa gurudumu, na vivyo hivyo nyuma. Za kisasa zina diski. Ukiona breki moja tu inayoning'inia juu ya tairi kwa bolti moja katikati, hiyo ni ya lami. Hii ya kwetu walikuwa wamechomelea vishikizo vipya mbele na kufunga breki ndefu za baiskeli ya milimani, huku mikono ya breki ni ile ya baiskeli ya mbio. Haviendani. Mkono wa mbio unavuta waya mfupi, breki ile inataka waya mrefu. Ukizikaza zishike, mpira unagusa rimu muda wote. Ukizilegeza kidogo, mkono unafika kwenye usukani na baiskeli bado inakwenda.

Na mwisho mzee akakwangua rangi kwenye makutano ya fremu chini ya siti. Kulikuwa na ufa uliochomelewa. Kwa chuma fundi hodari anaweza kuokoa. Ingekuwa alumini ingekuwa hatari zaidi, maana alumini ikichomelewa inapoteza ugumu wake pale palipopata moto na inahitaji kupikwa upya kiwandani, jambo ambalo mchomeleaji wa mtaani hana tanuri lake. Chini kabisa, penye ekseli ya pedeli, ambapo namba ya fremu huwa imegongwa, palikuwa pamesagwa laini. Maana yake inawezekana kabisa ni ya wizi, na ukikutwa nayo unayesimama kujieleza polisi ni wewe, wakati yule wa Kange ameshapotea na bajaji yake.

Kuhusu matairi, neno moja. Huyu jamaa anauza pia "tairi za saiklokrosi 28" kwa 60,000 jozi. Msinunue kwa kusikia namba 28. Rimu ya baiskeli zetu nyeusi za Phoenix na ya baiskeli ya mbio zote watu huziita 28 lakini si sawa. Soma maandishi madogo pembeni ya tairi: ya mbio imeandikwa 622 mwishoni, kwa mfano 33-622. Zile za Phoenix za mizigo ni 635. Za milimani za 26 ni 559. Ikitofautiana haikai, hata fundi akupakie sabuni.

Sasa kwa anayetaka kuanza kweli na hela ni ndogo. Mimi ningekwambia achana na hilo neno saiklokrosi kwenye tangazo, maana linapandisha bei na kuvuta matapeli. Tafuta baiskeli ya milimani ya mtumba, fremu ya alumini au chuma, foko lisilo na shokapu, breki zima. Ng'oa stendi, kerea na madigadi, vaa matairi membamba kidogo yenye meno, umemaliza. Kanuni za UCI haziruhusi baiskeli ya milimani kwenye mbio zao kubwa, lakini mbio nyingi za klabu za wanaoanza huko nje zinaruhusu, na kwa mazoezi ya kuruka, kubeba na kukimbia haitakupungukia kitu. Hapa mjini unaipata kwa hela isiyofika nusu ya ile anayoitaka yule bwana, na unaipata ukiishika kwa mkono. Nenda mchana. Nenda na fundi, mpe hela ya soda. Beba sumaku. Zungusha magurudumu, kaza breki zote mbili usukume kwa nguvu, ibebe begani utembee nayo hatua ishirini uone kama uzito unaumudu.

Na ukilazimika kulipa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri jina la mpokeaji linatokea. Lisome. Lisipofanana na la mtu aliye mbele yako, ghairi palepale. Muuzaji mwenye duka mwombe risiti ya EFD, asiye na duka muandikiane, namba ya fremu ikiwemo, na shahidi.

Mliokwisha kutuma: msifute mazungumzo hata kama yanawauma kuyasoma. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara hiyohiyo, hela ikiwa haijatolewa wanaweza kuizuia. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, ni bure. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, na uwe na ujumbe wa muamala. Usikubali kuambiwa na rafiki kwamba laki tatu ni ndogo.

Jana usiku tangazo limerudi kwa jina jipya, picha zilezile, majani yaleyale ya machungwa. Safari hii anasema yuko Raskazone na bei imeshuka hadi 680,000. Bwana mdogo wa Makorora na yule aliyeuziwa baiskeli pale Kange wameshafungua jalada. Kama nawe ulimtumia hela, nitumie ujumbe pembeni ukiwa na tarehe ya muamala na jina lililotokea kwenye simu, tuone kama majina yanagongana, tupeleke yote pamoja Jumatatu asubuhi.