Tovuti Yako Imezimwa? Kabla ya Kununua Nyingine, Angalia Mlango wa Kutokea

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ana Canter iliyoandikwa anwani ya tovuti ubavuni, herufi nyekundu, kila moja kubwa kama kiganja. Mwaka juzi kampuni iliyokuwa ikimhifadhia tovuti hiyo bure ilifunga huduma. Alinipigia akiwa sokoni, nyuma yake makuli wanapigizana kelele. "Mwanangu, mteja wa Lubumbashi anasema sipo. Mimi nipo hapa nimesimama!" Taarifa ya kufunga walikuwa wamemtumia kwa barua pepe miezi mitatu kabla. Alidhani ni matangazo.

Wala hakuonewa peke yake. Yahoo waliifunga GeoCities, huduma yao ya tovuti za bure, mwezi Oktoba 2009, na mamilioni ya kurasa zikaenda nayo. Google walizizima tovuti za bure zilizotengenezwa ndani ya wasifu wa biashara, ule ukurasa wa biashara yako kwenye Google, zile za business.site, kuanzia tarehe 5 Machi 2024. Aliyezibofya alielekezwa kwenye wasifu wa biashara husika hadi tarehe 10 Juni, kisha hata huo uelekezaji ukakoma. Kwa hiyo orodha yangu ya mahali pa kuhamia sijaipanga kwa bei wala kwa uzuri wa mwonekano. Nimeipanga kwa swali moja: siku nao wakifunga, utatoka na nini mkononi?

Kama ya kwako bado haijazimwa, anza leo kutoa mali ndani. Nakili maandishi yote, pakua picha zote kwa ukubwa wake halisi, chukua orodha ya bidhaa na bei. Kama imeshazimwa, jaribu Wayback Machine ya archive.org, ghala la nakala za kurasa za zamani. Andika anwani yako ya zamani uone kama kuna nakala. Kwa yule mama tulipata ukurasa wa mwanzo na bei za dagaa za miaka miwili nyuma. Picha zote zilikuwa mraba mweupe.

Kitu cha kwanza kununua ni domeni, yaani jina. Tovuti ni mzigo, jina ndilo kibanda chenye namba yako. Ukiwa na jina lako mwenyewe, .co.tz au .com, unahamisha mzigo kutoka kampuni moja kwenda nyingine na mteja hajui kama umehama. Majina ya .co.tz unayapata kwa wasajili walioidhinishwa, wapo wa hapa nchini na unalipa kwa shilingi.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia. Usikubali fundi akusajilie jina kwa barua pepe yake. Namjua mwenye gesti moja Nyegezi ambaye kijana aliyemtengenezea tovuti alihamia Dar, akabadilisha laini, na mwaka ulipoisha jina likaisha nalo. Kisheria gesti ni yake, lakini jina lilikuwa la kijana. Siku ya kulipa, kaa naye meza moja, fungua akaunti kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, nenosiri ulichague wewe. Akinuna, tafuta mwingine. Na usimpe kampuni moja vyote viwili, jina na hifadhi (mahali faili za tovuti zinapokaa), kama unaweza kuvitenganisha. Moja ikiyumba, ya pili inabaki imesimama.

Sasa hifadhi yenyewe.

Namba moja, kwa duka au gesti ya kawaida ya Mwanza: hifadhi ya kushirikiana seva (kompyuta moja inayobeba tovuti za watu wengi), yenye cPanel, yaani ukurasa wa kuisimamia, juu yake umeweka WordPress, programu ya kujengea tovuti. Si ya kuvutia, na fundi wa kisasa atakucheka. Lakini WordPress ni programu huria, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na ndani ya cPanel unafungasha faili zote pamoja na hifadhidata, yaani ghala la maandishi ya tovuti, unashusha kwenye kompyuta, unaenda kupandisha kwingine. Fundi wa kuihamisha utampata hapa hapa mjini. Ubaya wake ni kwamba inataka matunzo. Usipoisasisha, wahuni wataingia na siku moja duka lako la nyavu litakuwa linatangaza kamari. Kabla ya kulipa uliza bei ya mwaka wa pili, siyo ya wa kwanza. Ya kwanza ni chambo.

Namba mbili: ukurasa mwepesi wa faili za kawaida tu, usio na hifadhidata, uliowekwa kwenye huduma kama Cloudflare Pages, ukiunganishwa na domeni yako. Kama unachohitaji ni picha nne za vyumba, bei, ramani na namba ya WhatsApp, hii inatosha na pengine hulipii kitu zaidi ya jina. Inafunguka haraka hata kwa mteja mwenye bando la kuungaunga kwenye kivuko cha Ukerewe. Faili unazo mwenyewe, kwa hiyo kuhama ni kazi ya jioni moja. Naiweka ya pili kwa sababu kila ukitaka kubadilisha bei ya chumba utamtafuta mtu. Angalizo: wengine watakushauri GitHub Pages. Masharti yao hayaruhusu kuitumia kama hifadhi ya bure ya kuendeshea biashara.

Tatu, WordPress.com ya kulipia, huduma inayokuwekea WordPress tayari kwenye seva zao. Matunzo wanafanya wao, na maandishi yako unaweza kuyatoa ukayapeleka kwenye WordPress ya kujihifadhia. Tatizo ni kadi. Malipo yanajirudia, kadi ya pesa za simu haina salio siku hiyo, na tovuti inazima wewe ukiwa msibani Sengerema.

Wix, huduma ya kujijengea tovuti bila fundi, nawaweka nne, na najua kuna watakaobisha. Ni rahisi kweli, mtu asiyejua chochote anapata tovuti nzuri ndani ya siku moja. Ila tovuti iliyojengwa pale haitoki ikahamia kwenye seva nyingine, ukiondoka unajenga upya. Mtu aliyekwisha kufukuzwa mara moja sioni kwa nini apange chumba kisicho na mlango wa nyuma.

Mwisho kabisa, kutegemea Instagram au WhatsApp Business peke yake. Vitumie, ndiko wateja waliko, lakini viweke vielekeze kwenye jina lako. Na akikushawishi mtu ununue seva nzima ya peke yako kwa ajili ya kuuza sato, huyo anatafuta ada ya shule ya watoto wake.

Siku ya kuhama, usifunge kwa wa zamani kabla wa mpya hajakaa sawa. Mabadiliko ya domeni huchukua saa chache, wakati mwingine hadi siku mbili kuenea, na katikati hapo wateja wengine wanaona ya zamani, wengine mpya. Domeni ya .com uliyoisajili karibuni kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine mpaka zipite siku 60. Na barua pepe! Kama anwani yako ya kazi inatumia jina hilo hilo, rekodi zake za MX, zinazosema barua pepe zako zipelekwe wapi, lazima zihamishwe nazo. Niliwahi kuzisahau kwa mteja wa vipuri vya injini za boti, oda za siku mbili zikapotea hewani, na ile ada yangu sikuidai.

Mama wa Mwaloni alichukua namba moja. Jina la .co.tz lilipita siku hiyo hiyo. Kilichochukua wiki ni Canter: mchoraji alikwangua herufi zote, akaandika upya, akasahau nukta kabla ya "tz". Mama akamrudisha na brashi yake.